Nimeposa kwa Karatasi za Kampuni Iliyokufa

Mtaa wa Kenia, Élisabethville, Jumapili tarehe 17 Mei 1953

Kwako Mama Hortense,

Mama mpendwa, mshauri wetu sisi tusio na pa kusemea, naomba msaada wako na naomba haraka, maana Jumatatu tarehe mosi Juni mjomba wa mchumba wangu atavaa koti lake la Pasaka aje benki ninapofanya kazi, na akifika pale dirishani mimi nimekwisha, kazi imekwisha, na ndoa ya Jumamosi inayofuata imekwisha pia, na matangazo yetu kanisani yameshasomwa mara mbili.

Jina langu ni Donat, nina miaka ishirini na minne, wazazi wangu walikuja hapa kutoka Kasai kwa reli, nimesoma kwa Mapadri mpaka darasa la mwisho walilokuwa nalo, na tangu Desemba nimeanza kazi ya benki. Nasema benki, Mama, wala si lile dirisha la kuhesabia noti, bali idara ya hisa, ambayo wazungu wenyewe huitaja kwa sauti ya chini, ambamo mtu anaingia na pesa na kutoka na karatasi, na ile karatasi ni kipande cha mgodi. Mimi nimeketi nyuma, karibu na kabati, na kazi yangu ni kukata kuponi. Naeleza kwa kuwa si kila msomaji wako anajua: karatasi ya hisa ina vipande vidogo pembeni vyenye namba, na kila mwaka kipande kimoja kinakatwa kwa mkasi, kinapelekwa benki, mwenye karatasi analipwa faida yake, na karatasi yenyewe inabaki kungoja mwaka mwingine. Nakata kuponi mia nne kwa siku bila kuvuka mstari. Siku moja chef wangu, yaani mkuu wa idara, aliniambia, "Donat, una mkono mzuri," na mimi nikajua kwamba siku si nyingi nitatolewa kwenye mkasi na kuketishwa mezani, niwe mtu wa kuwaambia matajiri nunua hiki, uza kile.

Basi nikajitayarisha. Nilinunua mkoba wa ngozi, naubeba kila asubuhi ingawa ndani mna mkate na karanga tu, nikanunua tai mbili, nikajifunza kutembea polepole kwa sababu sijamwona mtu wa hisa anayekimbia. Hapa mtaani Kenia watu wakaanza kuniita Bwana Banki, na sikuwakataza.

Januari tulisafisha kabati, chef akakuta furushi la hisa za kampuni moja ya bati iliyokufa katika taabu ya fedha ya mwaka 1931, haina tena ofisi wala mgodi, akazipiga muhuri mwekundu wa neno ANNULÉ, yaani zimefutwa, akaniambia, "Chukua, watoto watachezea." Mimi sina watoto, na zilikuwa nzuri mno, Mama, zina picha ya jua linachomoza na mwanamke ameshika koleo na moshi unatoka kwenye bomba, na juu imeandikwa falanga mia tano kwa tarakimu kubwa. Nikamlipa seremala, nikazitia sita katika fremu zenye vioo, nikazitundika sebuleni.

Sasa nikueleze kuhusu Wivine. Ndiye mchumba wangu, amelelewa na Masista, anafundisha watoto wadogo kusoma, na nampenda, sina namna nyingine ya kusema. Kwao mwenye neno ni mjomba, ndugu wa mama, mzee Mwaba, aliyetia makaa kwenye gari moshi miaka ishirini na miwili na sasa analima mboga karibu na mto Naviundu. Mzee hajui kusoma ila tarakimu anazijua, na barua zake za pensheni Wivine ndiye anayemsomea. Februari wakaja kuitazama nyumba yangu, yeye, Wivine na shangazi mmoja. Mzee akasimama mbele ya fremu.

"Donat, hii makaratasi ya ku kibambazi iko ya nini?"

"Ni aksioni, mujomba. Mambo ya ku benki."

"Na ile falanga mia tano banaandika pale juu?"

"Njo bei yake."

Sikusema uongo, Mama. Ilikuwa bei yake, mwaka 1927.

"Na hii bipande-bipande ya pembeni?"

Nikamweleza habari za kuponi, kama nilivyokueleza wewe, labda kwa maneno mengi zaidi kidogo. Akanywa munkoyo wake, togwa ya mahindi, polepole, akafikiri.

"Basi iko sawa mbuzi muke," akasema. "Inazaa, na yenyewe inabakia."

"Njo vile, mujomba."

"Na muhuri mukubwa vile. Bazungu habawezi kupoteza wino ya bule."

Wivine naye alikuwa amechukua kitambaa, anapangusa vioo kimoja kimoja, akafika kwenye fremu ya nne akasimama. "Donat," akaniuliza, "hii neno ya wino mwekundu inasema nini?" Nikamjibu, "Njo muhuri ya direkta." Akasema, "Aa," akaendelea kupangusa.

Machi tukaenda Naviundu kuzungumza mahari. Walitaka falanga elfu tatu, baiskeli, blanketi la mama yake na mbuzi. Blanketi na mbuzi nilikuwa navyo, baiskeli ni hii ninayoendea kazini, na falanga nilikuwa na mia nane. Nikaanza kueleza taabu yangu, lakini mzee akainua mkono.

"Acha falanga. Falanga inakwisha mbio. Utupatie ile makaratasi yako sita. Sita mara mia tano, njo elfu tatu. Na baiskeli ubakie nayo, utaendaka nayo ku kazi."

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema. Nilifungua mdomo, Mama, nakuapia nilifungua, lakini wazee walikuwa wananitazama kwa heshima ambayo sijawahi kutazamwa nayo hata siku moja pale kazini, na mdomo ukajifunga wenyewe. Kesho yake nikazileta na fremu zake. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, wazee wakapiga makofi, na kwao mahari ikishapokelewa kwa makofi hairudiwi tena kuhesabiwa.

Nikadhani mambo yamekwisha. Kumbe baada ya Pasaka mzee amekwenda sokoni akanunua mkasi. Amekata kuponi moja kwa kila karatasi, bila kuvuka mstari, amezifunga katika leso, na Jumapili iliyopita akaniuliza, "Banki inafungulaka saa ngapi?" Atakuja na wazee wawili wawe mashahidi. Chef aliyenipa karatasi amekwenda likizo Ulaya tangu Aprili, na huyu aliyeshika nafasi yake hanijui, akiona zile kuponi atasema nimeiba kabatini, ataita polisi kabla hajauliza jina langu.

Nimefikiri njia nne. Ya kwanza, nimwambie mzee kuponi nampelekea mimi mwenyewe, kisha kila mwaka nimlipe faida kutoka mshahara wangu. Ya pili, niseme hisa za bati hulipwa kila miaka kumi. Ya tatu, panya wazile. Ya nne, niombe kuhamishwa Jadotville. Kusema kweli siwezi, maana mtu wa benki akikiri mbele za watu kwamba karatasi yake haina kitu, nani atamwamini tena, na mimi kazi hii ndiyo kwanza naianza. Nichagulie moja, Mama. Na kama unamjua mtu anayeweza kunisemea nitolewe kwenye mkasi niwekwe mezani, nitashukuru pia.

Mimi mwenye dhiki,
Donat wa Kenia

*

Donat,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini. Mara ya pili sikucheka, kwa sababu nilimfikiria mzee aliyekwenda sokoni kununua mkasi.

Nianze na ombi lako la mwisho, maana naona ndilo lililo karibu zaidi na moyo wako. Unataka kutolewa kwenye mkasi. Hapa nyuma ya nyumba yangu alikaa bwana mmoja, Faustin, Mungu amrehemu, aliyekata kuponi katika benki ya mji huu miaka kumi na tisa. Naye aliambiwa ana mkono mzuri. Aliambiwa kila mwaka, karibu na Noeli. Siku ya kustaafu walimkusanyikia, wakampa mkono, wakampa zawadi ndani ya kisanduku, na alipofika nyumbani akakifungua mbele yetu: mkasi, umechongwa jina lake. Ulikuwa mkasi mzuri. Mke wake anakatia nyama hadi leo. Sikusimulii haya ili uache kazi. Kazi yako ni ya halali, unakula na unavaa, na kuna wenye elimu kama yako wanaobeba magunia. Nakusimulia ili usiendelee kulisha moyo wako maneno mawili ya chef aliyekwisha kupanda meli.

Unasema kazi ya hisa ndiyo kwanza unaianza. Ungejua ulivyoendelea. Umemvalia tai mzee asiyejua kusoma, umemtajia bei iliyoandikwa, umemweleza faida ya kila mwaka, hukusema neno moja la uongo, na ukampa karatasi ya kitu kisichokuwepo, naye akakupa mtoto wake. Wengine huenda Ulaya kusomea hayo miaka mitano.

Marehemu mume wangu alikuwa mpishi wa bwana mmoja hapa mjini wakati wa taabu hiyo ya mwaka 1931. Asubuhi moja alimkuta bwana mezani, chai imepoa, mbele yake furushi la karatasi za namna hiyo hiyo, zenye majua na mabomba ya moshi, na bwana analia kama mtoto. Jioni akaambiwa aziwashie jiko. Ziliwaka vizuri, mume wangu aliniambia, kwa kuwa karatasi yake ilikuwa nzito. Fikiri, Donat. Zilipouzwa zile zako mara ya kwanza, labda hakuna mtu aliyekuwa ametia koleo ardhini, koleo lilikuwa kwenye picha tu, mkononi mwa yule mwanamke. Aliyeziuza alikuwa na tai na mkoba, na yeye pia alitaja bei iliyoandikwa. Hakuna aliyemwita mwizi. Wewe watakuita. Hiyo ndiyo tofauti ya cheo unayoitafuta, na mhariri wa gazeti hili ananitazama, kwa hiyo sitaieleza zaidi ya hapo.

Sasa njia zako nne. Kumlipa mzee faida kutoka mshahara wako: utamlipa mwaka huu, utamlipa mwakani, na mwaka wa tatu wazee wote wa Naviundu watakuja na vibuyu vyao vya akiba wakitaka nao karatasi zinazozaa, maana faida ikilipwa husikika mbali, halafu utawalipa kwa nini? Miaka kumi: mzee huyo ameona mwenyewe vipande vina namba za mfululizo, nawe ulimwambia kila mwaka kimoja, na tarakimu anazijua. Panya: hata kama nyumba yake ina panya wa kumaliza fremu sita na vioo vyake, kuponi ziko ndani ya leso, na leso iko mfukoni. Jadotville: reli inafika Jadotville, mtoto wangu, na mwenye kukutafuta ametia makaa njia hiyo miaka ishirini na miwili. Atafika kabla yako.

Unaniuliza nikuchagulie. Sichagui hata moja, nazitupa zote nne jikoni.

Najua kwa nini ulinyamaza. Kijana anayeitwa "wewe" kutwa nzima, jioni akiitwa Bwana, masikio yake yananenepa. Siku ile Naviundu wazee walikutazama kwa heshima, na hukutaka heshima ile iondoke, ilikuwa ndiyo mara yako ya kwanza. Hilo nakuonea huruma, kweli kabisa. Lakini heshima ile hukupewa kwa ajili ya karatasi tu. Umesahau neno la mzee? "Baiskeli ubakie nayo, utaendaka nayo ku kazi." Alikuwa anakupunguzia mahari. Mzee alikuwa anakusaidia, Donat, alikuona huna falanga akakutafutia njia usiaibike. Nilipofika mstari huo mara ya pili nilikasirika nawe sana, na bado nimekasirika.

Unasema mtu wa benki akikiri kwamba karatasi yake haina kitu hataaminiwa tena. Mimi si mtu wa benki, ila nimeuza vitambaa sokoni miaka mingi, na najua hili: mteja akigundua mwenyewe kwamba kitambaa kinachuja, hurudi na shemeji zake wote. Ukimwambia kabla hajafua, atakutukana, na mwezi ujao atanunua kwako. Mzee Mwaba ni mteja wako wa kwanza. Ukimpoteza huyu, hata wakikupa ile meza, utaketi pale ukiwa na tai yako na hutakuwa na neno la kumwambia mtu.

Waswahili husema mficha uchi hazai. Na wewe unayemficha si mzee peke yake. Ngoja nikuambie jambo ambalo umeliandika kwa mkono wako mzuri na hukuliona.

Wivine amelelewa na Masista. Anafundisha watoto kusoma. Barua za pensheni za reli, ambazo zimeandikwa Kifaransa kigumu kiasi kwamba hata makarani hujikuna kichwa, anamsomea mjomba wake. Binti huyo alisimama mbele ya fremu ya nne, kitambaa mkononi, mbele ya neno lenye herufi sita kubwa nyekundu, akakuuliza linasema nini. Ulidhani hajui? Alijua, Donat. Alikuuliza kwa sauti ya upole mbele ya mjomba na shangazi, ili neno litoke kinywani mwako na mcheke wote, na wewe ungebaki kijana wa mkasi mwenye picha nzuri sebuleni, na wangekupenda vilevile. Alikufungulia mlango. Ukamjibu direkta. Akasema "Aa."

Hilo "Aa" ndilo ungeniandikia, si habari za tai.

Na kwa nini alinyamaza mpaka wazee wakapiga makofi? Mimi simjui, lakini niliwahi kuwa mchumba wa mtu. Angesema yeye, angekuvua nguo mbele ya wazee wake, na baada ya hapo hata ungeomba radhi, wangemwona yeye kuwa na mdomo na wewe kuwa mwongo. Alikuachia wewe useme. Machi alingoja, Pasaka alingoja, amemwona mjomba wake akikata karatasi, ulimi umetoka nje kidogo kama watu wazima wanavyokata kitu cha thamani, na bado anangoja. Usidhani kimya hicho ni ndiyo. Ameshajua ni mwanaume wa namna gani anayetaka kumwoa, na anakupa muda ili abadili mawazo, au asiyabadili. Mjomba akifika dirishani tarehe mosi, muda huo umekwisha, na Jumamosi utasimama kanisani peke yako na mkoba wako wa karanga.

Basi fanya hivi. Jumapili hii ni Pentekoste. Ukitoka misa, mkoba uache nyumbani, tai iache nyumbani. Chukua zile mia nane, zote, na panda baiskeli mpaka Naviundu, na ukifika shuka usiiegemeze ukutani, ilaze miguuni pa mzee ili ajue unaiacha. Umwombe awaite wazee wale wale waliopiga makofi, na Wivine awepo. Sema kwa Kiswahili, maneno mafupi, bila kuponi, bila 1927: karatasi zimekufa, nilijua, nilinyamaza, mahari yenu bado ni deni langu, hii ndiyo ya kuanzia. Kisha funga mdomo, ule ule uliojifunga Machi, safari hii una ruhusa. Watakutukana. Kaa. Mzee atanyamaza muda mrefu kuliko matusi, na hiyo itauma zaidi. Kaa tu. Akikwambia uende, nenda kwa miguu, na Jumapili inayofuata urudi na sehemu ya mshahara.

Jumatatu ya Pentekoste benki imefungwa. Jumanne mapema mwone huyo chef mpya mwenyewe, umwambie ulipewa karatasi za kuchezea na zilikuwa ukutani kwako, kabla hajaambiwa na mdomo mwingine. Huenda akakukaripia. Kukaripiwa hakufukuzi mtu kazi kama leso inavyofukuza.

Sikuahidi kwamba utaoa tarehe sita. Huenda ukaoa Septemba. Huenda usioe. Lakini mzee akikubali, mwombe jambo moja: akurudishie zile fremu, uzitundike tena pale pale sebuleni, maana picha ni picha na vioo ulivilipia. Na Wivine atakuja siku moja na kitambaa chake, atapangusa mpaka kwenye ya nne, atasimama. Akikuuliza tena lile neno jekundu linasema nini, msomee.

Mama Hortense